Posho ya Msafiri: Chakula, Lugha na Reli ya Kati ya Tanzania

Neno "posho" limesafiri kuliko wasafiri wengi. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji, posho ilikuwa haki ya mpagazi: kibaba cha nafaka kwa siku, au kipande cha kitambaa cha kununulia chakula pale msafara ulipotua. Leo Mganda akitaja posho huwa anakusudia ugali wenyewe. Mkenya hulisikia neno hilo aghalabu kwenye kinu cha kusagia mahindi. Mtanzania naye humaanisha fedha anazolipwa mtumishi kwa ajili ya kikao au safari. Neno ni moja, sahani ni tatu, na mojawapo ya sahani hizo haina chakula. Anayetaka kuizunguka Tanzania kwa nia ya kuyajua mapishi ya majimbo yake hana budi kutanabahi mapema kwamba chakula hakisafiri peke yake. Husafiri na jina lake, na jina hilo likifika ugenini laweza kushika maana nyingine kabisa.

Usafiri wa namna hii si mgeni katika maandishi yanayohusu mwambao wetu. Ibn Battuta alipopita pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1331, alieleza kwa makini sinia aliloandaliwa Mogadishu: wali uliopikwa kwa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu na pilipili zilizotiwa chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Alipofika Mombasa alisema kwamba wenyeji wake hula zaidi ndizi na samaki. Miaka mia tano na sabini hivi baadaye, mwaka 1901, Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wa habari za safari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe. Miaka miwili baada ya hapo ikafuata Desturi za Wasuaheli, ambayo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Kwa hiyo nathari ya Kiswahili ilianza mapema kumtazama jirani na maisha yake. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: je, nathari hiyo iliendelea kukitazama chungu cha jirani huyo, au ilitosheka na kusema kwamba watu walikula wakashiba?

Jibu laweza kutafutwa njiani. Tanzania ina eneo la takriban kilomita za mraba 945,000 na lugha zaidi ya 120, na njia mojawapo inayofaa sana kuipima nchi hiyo kwa kinywa ni Reli ya Kati. Ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 chini ya utawala wa Wajerumani, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mwendo wa kilomita 1,250 hivi. Tawi la kwenda Mwanza lilikamilika mwaka 1928, enzi ya Waingereza. Reli hiyo kwa kiasi kikubwa inafuata nyayo za misafara ya zamani, na yeyote aliyeipanda katika mabehewa yake ya kale aliijua nchi kituo kwa kituo kupitia masinia yaliyoinuliwa hadi dirishani.

Safari inaanzia pwani, na pwani ndiko lugha ilikoanzia. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kuusimamia usanifishaji huo. Mengi yamekwisha kuandikwa kuhusu athari za uamuzi huo kwa Kimvita, Kiamu na lahaja nyinginezo. Lililosahaulika ni kwamba lahaja ikiteuliwa, jiko lake nalo limeteuliwa. Tazama jinsi Kiswahili kinavyolijua tunda la mnazi: kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi. Nazi nayo ikikunwa kwa mbuzi na kukamuliwa kwa kifumbu hutoa tui la kwanza, zito, liitwalo kasimile. Kisha tui la pili lililo jepesi. Na kinachosalia ni chicha. Mpunga ukikobolewa ni mchele, mchele ukipikwa ni wali, wali ukipikwa ukawa laini kwa maji mengi ni mashendea, ukigandamana na sufuria ni ukoko, na mchele uliovunjikavunjika ni chenga. Mpishi wa Unguja hana shida ya msamiati. Kila hatua ya kazi yake ina jina, na kila jina limo kamusini.

Treni ikishaiacha pwani, ikapita Morogoro na kuanza kuingia Ugogo, utajiri huo wa maneno hupungua ghafla, ijapokuwa kazi ya jikoni haikupungua. Dodoma na viunga vyake ni nchi kame yenye msimu mmoja wa mvua, na nafaka zake za asili ni mtama na uwele. Unga wa uwele una rangi ya kijivu, una harufu inayokaribia ile ya karanga mbichi, na ugali wake hauvutiki wala haukatiki kama ule wa mahindi. Kitoweo chake kinachojulikana zaidi ni mlenda. Kiswahili sanifu huviita vitu hivi "ugali" na "mboga", kana kwamba ni vile vile vya Dar es Salaam vilivyobadilishwa rangi. Mpishi wa Kigogo hatambui umoja huo. Kwake yapo majani yanayochumwa mvua zinapoanza na yapo yanayochumwa baadaye. Yapo yanayopikwa yakiwa mabichi na yapo yanayoanikwa, yakatwangwa na kuwekwa akiba kwa miezi ya kiangazi. Tofauti hizo ana majina yake kwa Kigogo. Abiria anayeuliza kwa Kiswahili hujibiwa kwa neno moja tu, naye huondoka akidhani kwamba ameonja kitu kimoja.

Mjini mlenda hufanyiwa mzaha kwa utelezi wake. Mzaha huo ungelipungua lau historia ya ungaunga huo mkavu ingelisomwa pamoja na ladha yake. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalipita Ugogo yakichukua nafaka, mifugo na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikakosekana. Njaa iliyofuata kati ya 1917 na 1920 Wagogo waliipa jina, Mtunya, na jina hilo likabaki katika kumbukumbu zao kama alama ya kuhesabia miaka. Mahali ambapo njaa ina jina lake yenyewe, jani kavu lililofichwa katika kibuyu si jambo la kuchekwa. Ni hesabu ya mtu aliyejifunza kutoiamini mvua wala jeshi. Mwenye kulila jani hilo bila kuijua hesabu hiyo huwa ameonja chumvi na utelezi tu.

Hapa ndipo jambo lenye uzito linapojitokeza. Safari ya kutafuta mapishi inaweza kugeuka kwa urahisi kuwa starehe ya mwenye shibe: mtu atokaye mjini anaitembelea dhiki ya mwenzake, anaionja kwa kijiko, anaisifu kuwa ni "chakula cha asili", kisha anarudi alikotoka. Hatari hiyo inaikabili fasihi pia. Mwandishi anayetaja mtama na mlenda ili kuipa riwaya yake harufu ya kijijini hana tofauti kubwa na mtalii huyo. Kinachomtenganisha mwandishi makini na mtalii ni iwapo chakula kinafanya kazi yoyote ndani ya hadithi, au kimewekwa pale kama pambo la ukutani.

Treni ikisonga mbele huingia mkoani Singida, unaosifika kwa kuku wa kienyeji na alizeti, kisha hupasua misitu ya miombo hadi Tabora. Asali ya Tabora ni zao la misitu hiyo, na mizinga ya magome bado huning'inizwa mitini kama ilivyofanyika enzi za Mirambo. Kutoka hapo reli ya magharibi hushuka hadi Uvinza, karibu na mto Malagarasi, mahali penye chemchemi za maji ya chumvi. Wanaakiolojia wamethibitisha kwamba chumvi imechemshwa hapo kwa zaidi ya miaka elfu moja, na kwamba ilisafirishwa mbali. Hivyo basi, kabla ya reli, kabla ya msafara wa pembe, na kabla ya Kiswahili kufika bara, palikuwako tayari njia zilizofunguliwa na chakula. Anayedhani kwamba ukabila wa mapishi ni wa tangu na tangu, kwamba kila kabila lilijifungia na chungu chake, na aanzie Uvinza. Chumvi haikuwahi kuwa na kabila.

Kigoma, mwisho wa reli, kuna mawese, migebuka na dagaa. Neno hili la mwisho linastahili kutuliwa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni samaki wa jamii moja na simu wa baharini. Dagaa wa Ziwa Viktoria, ambao Wakenya huwaita omena, ni wa jamii nyingine kabisa. Dagaamchele wa pwani ni wa jamii ya tatu. Samaki watatu wasiohusiana kwa karibu wamevishwa jina moja kwa kuwa wote ni wadogo, wote huanikwa, na wote ni kitoweo cha mtu asiye na fedha nyingi. Lugha ya taifa imeainisha samaki kwa mfuko wa mlaji. Yumkini huo nao ni ujuzi, na mwanaisimu hapaswi kuubeza. Lakini mvuvi wa Kigoma akiambiwa kwamba dagaa wake na wa Mwanza ni hao hao, atacheka, na atakuwa na haki.

Mwanza hufikiwa kwa kurudi Tabora na kushika tawi la kaskazini. Usukumani viazi vitamu hukaushwa kwa namna mbili. Vikikatwa vipande vibichi na kuanikwa huitwa michembe. Vikichemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa, huitwa matobolwa. Majani ya kunde yaliyokaushwa huitwa nsansa. Maneno haya yana bahati kuliko yale ya Ugogo. Yamevuka mipaka ya Kisukuma, yakaingia katika Kiswahili cha masokoni Mwanza na Shinyanga, yakapewa ngeli, yakanyambulishwa kwa upatanisho wa Kiswahili pasi na kumwomba mtu ruhusa: michembe hii, matobolwa haya. Huu ni usanifishaji ambao haukuitishiwa mkutano. Waliousimamia ni wanawake wauzao sokoni, na kigezo chao kilikuwa kimoja tu: kwamba mnunuzi asiyejua Kisukuma aelewe anachokinunua.

Kutoka Mwanza kivuko huenda Ukerewe, na msomi wa fasihi atakuwa amefika mahali ambapo hoja yote inapimwa. Kisiwa hiki ndicho alikozaliwa Euphrase Kezilahabi, na ndicho alikoishi Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Kitereza aliikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupatikana mchapishaji wa lugha yenye wasomaji wachache hivyo, na hatimaye aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Mwaka uliofuata Kitereza akafariki.

Wahakiki wameitaja riwaya hii kwa heshima, ila heshima yenyewe mara nyingi huambatana na lalamiko: kwamba mwandishi hukatiza hadithi ili aeleze namna ya kulima, kuvua, kutibu, kupika na kugema. Kwa mujibu wa maoni hayo, maelezo ni ya mwanaethnografia, na hadithi ni ya mwanariwaya. Laiti Kitereza angeliyapunguza yale ya kwanza! Lalamiko hili halisimami likipimwa kwa kisa chenyewe. Myombekere anampoteza Bugonoka kwa sababu wakwe zake wamemchukua binti yao, ndoa ikiwa haina mtoto. Ili arudishiwe mkewe, lazima apeleke pombe ya ndizi. Ndizi haziivi kwa amri. Lazima zipatikane, zivundikwe, zikamuliwe, zichanganywe na mtama, zisubiriwe. Kila hatua ya pombe ni siku ambayo mume yuko mbali na mke, na msomaji anayeiruka hatua hiyo kwa pupa ya kuijua hatima amejinyima ule usubirio ambao ndio mada yenyewe. Kwa maneno mengine, wakati wa riwaya hii ni wakati wa chungu. Kuyaondoa mapishi ni kuiondoa saa ukutani na kisha kulalamika kwamba hadithi haina mwendo.

Isitoshe, Kitereza alifanya kwa Kiswahili jambo ambalo Kamati ya Lugha haikulifanya. Alikilazimisha kiende jikoni kwa watu wengine. Pale Kiswahili kilipokosa neno, alieleza, alipoweza, aliazima, na hakuona haya kumfanya msomaji wa pwani ajihisi mgeni. Nathari yake si laini kama ya Shaaban Robert, na wala haikukusudiwa iwe hivyo. Ni Kiswahili kilichobebeshwa mzigo wa lugha nyingine, kama mpagazi, nacho kimeufikisha.

Tukiilinganisha kazi hii na sehemu kubwa ya riwaya ya Kiswahili ya mjini, tofauti hudhihirika. Humo wahusika hula "chakula", hunywa "chai", huketi mezani, na tukio linaendelea. Chakula hutajwa kwa upana pale tu kinapokosekana. Jambo hilo lina sababu. Katikati ya miaka ya 1970, ukame ulipofuatana na kuhamishiwa kwa mamilioni ya watu katika vijiji vya ujamaa, Tanzania ililazimika kuagiza nafaka kwa wingi kutoka nje. Mahindi ya njano yaliyoletwa watu waliyaita "Yanga", kwa kuwa yalifanana na rangi ya jezi ya timu hiyo ya Dar es Salaam. Katika neno hilo moja mna kejeli, mna ustahimilivu, na mna ukosoaji wa sera ambao haukuhitaji gazeti. Walaji wa kawaida waliutunga ushairi huo wakiwa katika foleni.

Hapana budi kumtaja pia anayepika. Msafiri hupenda kukihusisha chakula na kabila: hiki cha Wachaga, kile cha Wahaya, hiki cha Wasukuma. Ni nadra kukihusisha na mtu aliyekipika, ambaye karibu kila mara ni mwanamke aliyeamka kabla ya alfajiri. Uchumi ulipodorora katika miaka ya 1980 na mishahara ikakosa thamani, mama lishe ndiye aliyeilisha miji. Chini ya turubai lake moja mtori wa Kilimanjaro uliketi jirani na makande ya Upareni na wali wa nazi wa Tanga, na mteja wa Songea aliagiza vyote kwa Kiswahili. Taifa ambalo wanasiasa walilihubiri majukwaani lilipakuliwa pale kwa mwiko. Fasihi imemwona mama lishe, ndiyo, lakini mara nyingi imemwona kama kielelezo cha umaskini. Ujuzi wake wa kuchagua, kuchanganya na kutafsiri ladha za watu mia na ishirini ungali unasubiri mwandishi.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme imekuwa ikienda kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa chache, mahali ambapo ile ya zamani ilichukua usiku mzima. Hakuna haja ya kuililia treni ya zamani. Aliyewahi kukwama njiani na mgonjwa au na mtoto mchanga hatakubali kilio hicho. Hata hivyo, mwendo huo mpya haumpi mchuuzi wa kituo kidogo muda wa kuinua sinia lake hadi dirishani, na abiria hufika Ugogo akiwa bado ana ladha ya pwani kinywani. Kilichokuwa kikijulikana kwa kusimama sasa itabidi kitafutwe kwa makusudi.

Kazi hiyo ya makusudi iko katika uwezo wa idara za Kiswahili, na haihitaji fedha nyingi. Mwanafunzi wa uzamili mwenye daftari anaweza kukaa msimu mmoja na wapishi wa Bahi au Kondoa, akaandika kila jina la kila jani, mabichi na makavu, pamoja na mwezi wa kulichuma na jina la njaa iliyolifanya lithaminiwe. Mwingine anaweza kuisoma upya riwaya ya Kitereza akihesabu siku za pombe. Wa tatu avuke mpaka, kwani githeri na makande ni mahindi na maharage yale yale, na bado hatujaelezwa kwa nini jina moja limeshika Nairobi na jingine Moshi. Matokeo ya kazi hizo hayatakuwa orodha ya mapishi. Yatakuwa ni sehemu ya kamusi na sehemu ya uhakiki, na yataipa nathari ya Kiswahili kile ambacho mpagazi wa zamani alikidai kabla ya kuubeba mzigo wake asubuhi: posho ya kumtosha mwendo wa siku hiyo.